"Kakaa Njiani Mno": Je, Uzazi Mgumu Ndio Unaomchelewesha Mtoto?

Idi pili tulikuwa Wete, Pemba, kwa jamaa zangu, tumejaa kutoka ukumbini hadi barazani. Kijana wa miaka miwili na nusu alikuwa mkekani, anajivuta kwa makalio kuufuata mpira. Hatembei bado. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimtazama kitambo kisha akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba mtoto hana masikio: "Huyu kafanya nini?" Kabla mama mtu hajafungua kinywa, shangazi alishajibu. "Huyu kakaa njiani mno. Mamake kashikwa na utungu Jumatatu, kazaa Jumatano."

Basi, kesi ikafungwa. Vichwa vikatikiswa, sahani ya tambi ikapita, na mama wa mtoto akaendelea kumfuta mwanawe mikono bila kusema neno.

Jibu la shangazi nimelisikia Unguja na Pemba kwa sura nyingi. Kitovu kilimzonga shingoni. Kanywa maji machafu. Kavutwa kwa chombo. Kachelewa kulia. Na lile linaloniudhi kuliko yote: "Mamake hakujua kusukuma." Mwanamke aliyekesha siku mbili kwenye maumivu anaambiwa, mbele ya wageni, kwamba uvivu wake ndio uliomlemaza mwanawe.

Je, ni kweli uzazi mgumu unaweza kumfanya mtoto achelewe kukaa, kutembea, kusema au kufahamu? Unaweza. Ila hutokea mara chache kuliko inavyosemwa barazani, na unapotokea huacha alama zake mapema sana, ndani ya siku za mwanzo za maisha ya mtoto. Anayezijua alama hizo hana haja ya kukisia miaka miwili baadaye.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi umo humo. Tunaposema "uzazi mgumu" tunachanganya mambo mawili: uzazi uliomtesa mama na uzazi uliomtesa mtoto. Mara nyingine huja pamoja, lakini si lazima. Mama wa mimba ya kwanza anaweza kukaa na utungu usiku, mchana, na usiku tena, ukija na kupotea, huku mapigo ya moyo ya mtoto yakienda sawasawa kama saa. Huo ni mgumu kwa mama. Na upande mwingine, mwanamke wa mimba ya nne anaweza kujifungua kwa saa mbili tu, majirani wakasema kateleza kama samaki, kumbe kitovu kilitangulia mbele ya kichwa kikabanwa na mtoto akakosa hewa dakika nyingi. Uzazi mwepesi kwa mama, mgumu kwa mtoto. Ubongo wa mtoto hauhesabu siku za utungu, unahesabu dakika ambazo damu yenye hewa safi haikufika.

"Kuchelewa" nako kuna sura nyingi. Shirika la Afya Duniani lilipowafuata watoto wenye afya wa nchi mbalimbali liliona kwamba karibu wote hukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miezi tisa na siku chache, na hutembea wenyewe kabla ya miezi 18. Anayetembea miezi 10 na anayetembea miezi 16 wote wako sawa, ingawa bibi wa yule wa kwanza atajisifu mtaa mzima. Mtindio wa ubongo ni jambo jingine: hapo sehemu ya ubongo inayoongoza misuli imeumia au haikukua vyema, kwa hiyo mtoto anakakamaa, au analegea, au viungo vinacheza ovyo. Akili yake inaweza kuwa timamu kabisa. Ulemavu wa akili unahusu kufahamu na kujifunza. Usonji unahusu mawasiliano na jinsi mtoto anavyoingiliana na watu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mawili pamoja, lakini kila jambo lina njia zake za kuja, na uzazi mgumu hauhusiani nayo yote kwa kiwango kimoja. Kinachohusishwa zaidi na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni mtindio wa ubongo, tena aina zake fulani: ule unaokakamaza viungo vyote vinne, na ule wa viungo kujipinda bila mtoto kutaka. Mtoto anayetembea, anayekimbia na kupanda mwembe, lakini hasemi, ni vigumu kumtundikia siku ya kuzaliwa kwake.

Sasa tuingie tumboni. Mtoto humo hapumui kwa pua wala mapafu. Hewa yake yote hutoka kwa mama, inapita kwenye kondo la nyuma, ambalo wengine hapa huliita zalio, kisha inasafiri kwenye kitovu. Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa maana ya kutegemea waya mmoja. Mwaka 2008 umeme unaokwenda Unguja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika karibu mwezi mzima, na ukakatika tena Disemba 2009 kwa miezi mitatu. Sisi wa Pemba wakati huo bado tulikuwa na majenereta yetu, lakini hadithi zilitufikia na kila boti. Kitovu ndio waya huo.

Utungu wenyewe, hata ule wa kawaida kabisa, hupunguza umeme kidogo. Kila mfuko wa uzazi unapobana, mishipa inayolisha kondo nayo inabanwa. Unapoachia, damu inarudi. Mtoto yuko kama mzamiaji: anazama, anaibuka, anavuta pumzi, anazama tena. Ameumbiwa uwezo huo, na wengi wa watoto wote duniani hupita humo salama. Tatizo huanza pale mzamiaji anaponyimwa nafasi ya kuibuka. Utungu ukija mfululizo bila mapumziko, iwe kwa dripu ya kuongeza utungu isiyosimamiwa vizuri au kwa miti shamba aliyonyweshwa mama nyumbani ili "ashuke upesi", mtoto anabaki chini ya maji. Vivyo hivyo mtoto aliyeingia kwenye utungu akiwa tayari dhaifu, kwa sababu kondo halikumlisha vizuri miezi mitatu iliyopita, anachoka kwa mawimbi ambayo mwenzake angeyapita kwa urahisi. Na kuna ajali zenyewe hasa, zile ambazo mkunga akiziona huanza kukimbia: kitovu kutangulia, kondo kubanduka kabla ya wakati, mfuko wa uzazi kupasuka, kichwa kutoka na mabega kukwama.

Hapo umeme unakatika kweli. Lakini hata hivyo, kinachoozesha samaki kwenye friza si kukatika kwa umeme, ni muda. Ukikatika kwa dakika chache samaki hajui. Ukikatika siku nzima, fungua dirisha. Ubongo wa mtoto una akiba yake pia. Mwili ukiona hewa inapungua hufunga matumizi yasiyo ya lazima, ngozi na matumbo, ukaelekeza damu kwenye moyo, ubongo na tezi chache. Ndiyo maana mtoto huzaliwa rangi imempotea, amelegea, akapuliziwa hewa kwa dakika mbili, akalia, akanyonya, na asipate madhara yoyote. Akiba ilitosha.

Ikiisha, uharibifu huja kwa awamu mbili, na ya pili ndiyo watu hawaijui. Mtoto anahuishwa, moyo unapiga vizuri, rangi inarudi, jamaa wanashukuru. Kisha baada ya saa kadhaa chembe za ubongo zilizojeruhiwa zinaanza kufa kwa wingi. Ni kama umeme unaporudi ghafla kwa nguvu. Friji nyingi huungua dakika ile ya kurudi. Kwa hiyo mtoto aliyeumia kweli ubongo wakati wa kuzaliwa hawi mzima siku ya kwanza na ya pili. Anakuwa mgonjwa, na ugonjwa wake unaonekana kwa macho: amelala hashtuki, au anashtuka kupita kiasi, amelegea kama kitambaa kilicholowa, hawezi kunyonya, pumzi zinakatika, na mara nyingi anapata degedege ndani ya siku moja hadi tatu.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa litoke kwenye vitabu vya madaktari liingie barazani. Mtoto aliyezaliwa kwa shida, lakini akanyonya siku ileile, akalia kwa sauti, akafungua macho na kwenda nyumbani na mamake siku ya pili, ubongo wake kwa karibu yakini haukuumizwa na uzazi ule. Akija kuchelewa baadaye, sababu itafutwe kwingine.

Siku ile ya Idi, wageni walipopungua, nilikaa na mama wa kijana jikoni tukiosha vyombo. Nikamuuliza, siku ya kwanza alinyonya? "Alinyonya, kaka, mpaka nikaona moto," akasema. Degedege? Hakuna. Walitoka hospitali siku ya pili. Basi lini aliona jambo? Akafikiri. Mwezi wa pili na nusu mtoto alishikwa na homa kali, akakakamaa shingo, akalazwa wiki mbili akidungwa sindano asubuhi na jioni. Kabla ya hapo alikuwa ameanza kucheka. Baada ya hapo kicheko kilipotea kwa muda mrefu. Mimi si daktari na sikumtolea hukumu, nilimwambia tu aende ayaseme haya kwa daktari wa watoto, kwa mpangilio huu huu. Lakini homa inayokakamaza shingo ya mtoto mchanga kisha ikamwibia alichokwisha kujifunza ni habari kubwa kuliko Jumatatu mpaka Jumatano. Familia nzima ilikuwa imeisahau kwa sababu hadithi ya uzazi ilikuwa tamu zaidi kusimulia.

Tusijicheke sana. Wataalamu nao walishikilia hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 tabibu wa Uingereza aliyeitwa William John Little alieleza mbele ya madaktari wa uzazi wa London kuhusu watoto waliokakamaa viungo, akaunganisha hali yao na uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya wakati na kuchelewa kupumua. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1897 alijitokeza wa kumpinga, naye ni Sigmund Freud, yule yule aliyekuja kujulikana kwa mambo ya ndoto; kabla ya ndoto alikuwa akichunguza watoto waliopooza. Freud aliuliza swali ambalo shangazi yangu angelipenda: huenda si uzazi mgumu uliomuumiza mtoto, bali mtoto aliyekuwa tayari na kasoro ndiye aliyeufanya uzazi uwe mgumu? Mtoto asiyekua vyema tumboni hujigeuza vibaya, hukaa vibaya, huchoka upesi, huchelewa kulia. Uzazi mgumu unakuwa moshi, na moto uliwaka zamani.

Hakusikilizwa. Ilibidi wasubiriwe Wamarekani, waliowafuata watoto wapatao 50,000 tangu wakiwa matumboni mwa mama zao, kuanzia mwaka 1959, hadi walipofika umri wa skuli. Mwaka 1981 watafiti Karin Nelson na Jonas Ellenberg walichapisha walichokiona humo. Kati ya kila watoto 100 waliokuja kuwa na mtindio wa ubongo, 73 walikuwa na alama nzuri dakika tano baada ya kuzaliwa.

Alama hizo ni za nini? Ndizo zile zinazoandikwa kwenye karatasi za hospitali kwa nambari mbili, tuseme 6 na 9. Alizibuni daktari wa Marekani, Virginia Apgar, mwaka 1952. Mkunga anaangalia mambo matano, mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, mtoto anavyoitika akiguswa, na rangi, kila moja anatoa 0 hadi 2, dakika ya kwanza na ya tano. Si mtihani wa akili. Mama mmoja aliniambia mwanawe "alifeli ya kwanza akafaulu ya pili", tukacheka, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli. Alama ya dakika ya kwanza inamwambia mkunga kama mtoto anahitaji msaada sasa hivi. Haitabiri darasa la saba. Inayotia wasiwasi ni alama inayobaki chini kabisa dakika ya tano, ya kumi, ya ishirini, na hata hapo wapo wanaokua salama.

Ushahidi mwingine ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Tangu miaka ya 1970 hospitali za nchi tajiri zilianza kuwafunga wajawazito mashine za kusikiliza moyo wa mtoto muda wote wa utungu, na upasuaji wa uzazi ukaongezeka maradufu na zaidi. Kama mtindio wa ubongo ungekuwa unatokana hasa na saa za mwisho, ungelipungua sana. Haukupungua hivyo, kwa miongo mingi ulibaki karibu watoto wawili kwa kila 1,000. Nchi hizo leo kisa kimoja tu katika kumi, au karibu na hapo, ndicho kinachohesabiwa kuwa kimetokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Je, hesabu hiyo ni yetu pia? Hapana, na hapa nawashuku wanaoinukuu bila kufikiri. London mwanamke mwenye kitovu kilichotangulia anaingizwa chumba cha upasuaji kwa dakika. Mwanamke wa Kojani, kisiwa kidogo kando ya Pemba, anaanza kwa kuvuka maji, na wa kisiwa cha Makoongwe vivyo hivyo, halafu ndipo itafutwe gari hadi Wete au hadi Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Huku kwetu sehemu inayotokana na uzazi lazima iwe kubwa zaidi, na sehemu inayotokana na maradhi ya baada ya kuzaliwa nayo ni kubwa. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2017 uliona karibu robo ya watoto wenye mtindio wa ubongo waliupata baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, wengi kwa malaria iliyopanda kichwani. Hapa Zanzibar malaria imepungua sana kuliko jirani zetu, kwa hiyo hata hesabu ya Uganda si yetu moja kwa moja.

Tena uzazi unaweza kuboreshwa bila mashine za mamilioni, na ushahidi mmojawapo uko Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja mjini. Kati ya 2014 na 2016, hospitali hiyo ikiwa na wazazi wengi na wakunga wachache, wakunga na madaktari walipewa kijitabu cha mfukoni chenye maelekezo mafupi ya kufuatilia utungu, yaliyotungwa kwa kufuata hali halisi ya wodi ile, pamoja na mafunzo ya mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kwa karibu theluthi moja, na waliozaliwa na alama za chini sana walipungua kwa karibu nusu. Na kwenye hospitali nane za Tanzania ambako wakunga walifundishwa kumkausha mtoto, kumsugua mgongo na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kwa asilimia 47. Dakika hiyo wanaiita ya dhahabu. Watoto karibu 85 katika 100 hulia wenyewe, kumi hivi huanza wakikaushwa na kusuguliwa, na watatu hadi watano ndio wanaopuliziwa. Kwa hiyo bibi akisikia mjukuu "kapuliziwa" asianze kilio. Ni kazi ya kila siku ya mkunga.

Kuna tiba moja watu huisoma kwenye simu kisha huiulizia: kumpoza mtoto aliyekosa hewa, kumshusha joto hadi nyuzi 33 au 34 kwa siku tatu. Nchi tajiri inasaidia. Ilipojaribiwa kwa makini India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha haikuzuia ulemavu, na vifo viliongezeka. Kwa hiyo msimtoe mtoto blanketi nyumbani kwa sababu ya video.

Sasa zile imani. Kitovu kuzunguka shingo hukutwa karibu katika robo ya watoto wanaozaliwa, na wengi mno hawana tatizo lolote. Sababu tumeshaitaja: tumboni mtoto hapumui kwa koo, basi hawezi kunyongwa kama mtu na kamba. Hatari huja tu kitovu chenyewe kikibanwa hadi damu isipite. "Maji machafu" nayo ni choo cha kwanza cha mtoto kilichochanganyika na maji ya chupa ya uzazi. Hutokea kwenye uzazi mmoja hivi katika kila kumi, zaidi mimba ikipitiliza, na akiyavuta yanaweza kumuumiza mapafu. Ubongo hauumizwi na uchafu ule. Kichwa kirefu kama embe dodo au uvimbe baada ya kuvutwa uko juu ya fuvu, huisha kwa siku au wiki kadhaa, na kumkanda kwa mafuta ya moto ili "kikae sawa" hakusaidii kitu. Mkono mmoja uliolegea baada ya mabega kukwama ni mshipa wa fahamu wa shingoni uliovutika, si ubongo. Wengi hupona, lakini aanze mazoezi mapema. Upasuaji haumfanyi mtoto mzito wa akili, wala haumfanyi mwerevu. Na kusukuma? Mwanamke aliyechoka anahitaji maji, chakula, mtu wa kumshika mkono na mkunga wa kumwelekeza. Mtoto akikwama kwa sababu nyonga ni nyembamba au amekaa vibaya, hata angesukuma mpaka alfajiri asingetoka.

Habari ya kubemenda, kijicho na shetani wa mtoto sitaigusa sana. Kombe na dua zina nafasi yake nyumbani kwetu. Ninachoomba ni zisichukue miezi sita ambayo mtoto angekuwa anafanyiwa mazoezi.

Ikiwa si uzazi, basi nini? Orodha ni ndefu na sitaimaliza. Kuzaliwa njiti ni sababu kubwa, kwa kuwa mishipa ya ubongo wa njiti ni laini. Na njiti ahesabiwe umri wake vizuri: aliyewahi miezi miwili, akitimiza mwaka mtazame kama wa miezi kumi. Kifafa cha mimba, rubella ya mama miezi ya mwanzo, mapacha, mtoto kutokua tumboni. Kuna mambo ya vinasaba, kama hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa nao unaochelewesha akili na mwili, ambayo tangu 1959 inajulikana kuwa inatokana na kromosomu ya ziada ya 21, yaani uzi mmoja wa vinasaba uliozidi. Hapo uzazi uwe mwepesi au mgumu, hali ilikwishaandikwa siku mimba ilipoingia.

Moja katika hayo halisemwi, nami nitalisema kwa adabu. Ndoa ya mtoto wa ami au mjomba ni halali na ni desturi yetu, na wengi mno wa watoto wake ni wazima. Lakini jamaa wa damu huwa wamebeba kasoro zilezile zilizojificha, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa na tatizo kubwa hupanda kutoka 2 au 3 katika 100 hadi 4 hadi 6 hivi. Basi nyumba ikiwa na watoto wawili wenye hali inayofanana, kusema wote wawili "walikaa njiani" ni kujidanganya.

Halafu kuna umanjano, ambao unanisikitisha kwa sababu unazuilika. Watoto wengi hupata manjano kidogo siku ya tatu, yakapita. Lakini yakizidi, ile rangi hupenya ubongoni na kumwacha mtoto na viungo vinavyojipinda na masikio yasiyosikia. Watu wa pwani yetu, kama watu wote waliokaa na malaria karne nyingi, wengi wana damu iliyopungukiwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD, na chembe zao za damu huvunjika upesi. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali tunavyoweka sandukuni kuzuia wadudu wasile nguo vinaweza kumvunja damu mtoto wa aina hiyo. Nguo za mtoto wa kwanza zilizokaa na vidonge hivyo zisivalishwe mdogo wake kabla ya kufuliwa na kuanikwa vizuri, na heri zisiwekwe navyo kabisa. Mtoto aliyekuwa wa manjano siku ya kwanza yenyewe, au manjano yaliyofika nyayoni, huyo si wa kuanikwa juani asubuhi, ni wa hospitali leo.

Na ipo damu pungufu. Hapa hapa Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha watoto wadogo wenye upungufu wa damu walipopewa madini ya chuma, lugha yao iliendelea vizuri zaidi, na wale waliopungukiwa sana damu hata mwendo wao ulisogea. Mtu atakimbilia dukani kununua dawa ya chuma. Asikimbilie: utafiti mwingine wa Pemba, 2006, ulionyesha kuwagawia watoto wote chuma bila kupima, wakati malaria ilipokuwa nyingi, kuliwaletea madhara. Apimwe kwanza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mtoto anaweza kuchelewa kusema kwa jambo linalotibika, huku sisi tumeshalifunga jalada kwa neno "uzazi". Vivyo hivyo masikio. Mtoto asiyesema apimwe kusikia kabla ya kuambiwa lolote.

Hata pale ambapo uzazi kweli ulimuumiza, bado kuna kazi. Ubongo wa mtoto ni kama vichochoro vya Mji Mkongwe: kimoja kikizibwa na nyumba iliyoanguka, watu wakipita kila siku upande mwingine, njia mpya huzoeleka. Lakini lazima wapite kila siku, na mapema. Mtoto asiyekaa akifika miezi tisa, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, asiyegeukia sauti, anayekakamaa miguu kama mkasi ukimnyanyua, apelekwe bila kungoja "mbona baba yake naye alichelewa". Na anayepoteza alichokwisha kukijua, akaacha kusema au kukaa, huyo asingoje hata wiki.

Siku ya kutoka hospitali, mama au aliyemsindikiza aulize na aandike kwenye kadi ya mtoto mambo haya: alizaliwa na wiki ngapi, uzito gani, alama za dakika ya kwanza na ya tano, alipuliziwa au la na kwa dakika ngapi, alinyonya lini mara ya kwanza, alipata degedege, alikuwa wa manjano siku ya ngapi. Kama kadi haina nafasi, nyuma ya kadi. Kalamu ya wino, si risasi. Kisha kadi iwekwe juu kabatini ndani ya bati la biskuti, maana masika paa zetu zinavuja na panya wa Pemba wanapenda karatasi.